Mhariri, hiyo "mdomo unakataa mwili unakubali" imetosha sasa

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na ikiwa ndefu usiikate katikati maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu.

Mi nina saluni ya kusuka hapa Tanga. Kusuka unakujua, mtu anakaa kwenye kiti masaa manne matano, kichwa kimeshikwa lakini mikono iko huru, basi anasoma simu, na wanachosoma ni chombezo, zile hadithi za mapenzi za moto zinazotoka sehemu kwa sehemu. Zamani walikuwa wanapokezana gazeti, siku hizi ni magrupu ya WhatsApp, unamtumia admini hela anakushushia sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza, na mimi mwenyewe nasikiliza kuliko wote. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaandika wiki ijayo kwamba huyu mama anataka hadithi zifungiwe. Sitaki, nazipenda. Kenya mwaka 2015 waliipiga marufuku ile filamu ya Fifty Shades of Grey na wateja wangu wanaotoka Mombasa walikuja hapa wakiwa wameshaiona kwenye flashi. Kwa hiyo kufungia mi simo.

Ninalotaka kusema ni hili. Kwenye chombezo karibu zote kuna mahali bosi anafunga mlango wa ofisi, au baba mwenye nyumba anaingia jikoni usiku hausigeli anaosha vyombo, binti anasema "hapana, niache", anasukuma, halafu mwandishi anatuambia mdomo ulikataa ila mwili ulishakubali. Na sisi wasikilizaji tunatulia kabisa, hakuna anayeshtuka, kwa sababu aya tatu nyuma tulishaambiwa yule binti akiwa anaoga alikuwa anamuwaza. Sisi tunajua. Sasa yule mwanaume kajuaje? Yeye hizo aya hajazisoma! Kasukuma tu, na kwa bahati yake mwandishi kampangia kwamba binti alikuwa anataka, na kila hadithi bahati ni ile ile. Miaka yote hii niliyosikiliza sijawahi kukutana na hata moja ambayo jamaa analazimisha akiamini mwili umekubali, halafu ikaonekana kumbe mwenzake kweli alikuwa hataki. Kijana wa miaka kumi na tisa anayesoma hizi kila siku anajifunza nini, kama siyo kwamba "hapana" ya mwanamke ni mlango ambao haujafungwa vizuri, ukiusukuma kidogo unafunguka? Na maisha yetu hayana mwandishi wa kutuambia mwenzako anawaza nini, ukitaka kujua inabidi uulize.

Kuna siku msomaji wetu alifika pale pale kwenye mlango kufungwa, tukiwa tumechangamka, mdada mmoja aliyekuwa anasukwa akasema taratibu, "Anti, naomba hapo muparuke." Basi. Saluni ikawa kimya, hakuna aliyemuuliza kwa nini na mimi sikumuuliza, nilimaliza kichwa chake nikamfungia mtandio akaenda. Tangu siku ile nasikiliza kwa sikio lingine.

Tena sheria yetu wenyewe inasema vingine kabisa. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130, kama kilivyoandikwa upya na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinasema kukubali kwa sababu umetishwa au umelazimishwa ni ubakaji vile vile, na kwamba siyo lazima mwanamke awe na majeraha ndio aonekane alikataa. Ukiendelea kusoma kinawataja wenye mamlaka wanaotumia vyeo vyao, wafanyakazi wa hospitali, waganga wa kienyeji, viongozi wa dini. Nilipoonyeshwa nilishangaa sana, maana bosi, daktari na mganga ndio wapenzi wetu wakubwa wa kwenye chombezo. (Mke anayeishi na mumewe sheria ile haikumweka kwenye ulinzi huo, hilo nalo nina maneno yake ila siyo leo.)

Sasa wapo watakaosema, mbona wengine wanapenda kutawaliwa? Ni kweli, wapo, wanawake kwa wanaume, wanapenda kufungwa mikono na kuamrishwa, na kama ni watu wazima waliokubaliana siwaoni kuwa wana kosa. Lakini watu wenye mambo hayo wana utaratibu wao na waandishi wetu hawauandiki. Huko New York tangu mwaka 1983 kuna kikundi kilitoa msemo wa maneno matatu, iwe salama, iwe kwa akili timamu, iwe kwa ridhaa. Wanakaa kwanza wanaongea, hiki ndio, kile hapana, wanapanga na neno la kusimamisha, likitamkwa tu kila kitu kinasimama hapo hapo. Yaani anayetawaliwa ndiye mwenye breki. Hata kwenye hicho kitabu cha Fifty Shades, ambacho na ndugu zake wawili viliuza nakala zaidi ya milioni 100, maneno hayo yapo, njano maana yake nakaribia mwisho, nyekundu maana yake acha. Simsifii yule tajiri wa kwenye kitabu anayependa kutawala, mtu anayetafuta mwanamke alipo kwa kufuatilia simu yake bila kumuuliza mi ningemkimbia. Lakini waandishi wetu walipokopa walibeba utajiri wake, tai yake na fimbo, ile nyekundu na njano wakaziacha kulekule.

Na nyekundu sisi watu wa pwani tulikuwa nayo! Aliyepita mikononi mwa kungwi anaelewa, shanga nyekundu zikiwekwa kwenye mto mume akiingia anajua leo hapana, zikiwekwa nyeupe anajua njia ni nyeupe, bila mtu kufungua mdomo. Ila nikiri pia, nyekundu ile ilikuwa ya siku za mwezi. Ya "leo sitaki tu" hatukupewa, tuliambiwa mume hanyimwi. Hapo somo wangu, Mungu amrehemu, alinipungukia, na binti zangu mimi nimewaambia rangi hiyo wanaweza kuitumia siku yoyote.

Waandishi wanasema ukiweka swali utamu unakufa. Siyo kweli jamani. Mwandike mwanaume yuko upande wa pili wa chumba, mlango upo wazi, anamwambia "ukitaka kuondoka ondoka, ukitaka nikufunge mikono niambie mwenyewe", halafu binti anyamaze ukurasa mzima, anacheza na pindo la kanga, anautazama mlango, anamtazama yeye. Nakuhakikishia saluni yangu yote ingeweka vitana chini. Sisi ni watu wa taarab, tunajua kusubiri, mtu anaimbiwa beti nne anaulizwa kwa mafumbo kama anapenda au hapendi na hakuna anayesema wimbo umepoa.

Mhariri, hadithi yenu ya Jumamosi iliyopita iliishia mkurugenzi kachukua ufunguo wa stoo kautia mfukoni, na yule katibu muhtasi mgongo upo kwenye makabati, mkaandika itaendelea. Sehemu inayofuata naamini bado iko kwa mwandishi. Mwambie ufunguo autoe mfukoni auweke mezani upande wa yule dada, halafu amuulize, na jibu litoke kwenye mdomo wake yule dada, lolote lile. Akisema ndio hadithi iendelee na moto wake wote, akisema hapana mkurugenzi atoke na sisi tufuate anachofanya baada ya hapo. Jumamosi gazeti nitaliagiza mapema kabla wateja hawajajaa, na msomaji nitakuwa mimi.

Mama wa saluni,
Tanga