Jeshi la Israeli halikuanza 1948

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya jeshi la Israeli imeanzia Mei 1948, nchi ilipotangazwa, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Msomaji atajuaje basi kwa nini jeshi hilo lilizaliwa likiwa tayari na makamanda, silaha na ugomvi wa ndani?

Mizizi yake ni walinzi. Mwaka 1907 vijana wachache wa Kiyahudi kutoka Urusi, ambako Wayahudi waliuawa Kishinev mwaka 1903, walikutana Jaffa, Palestina, wakaunda kikundi cha siri, Bar-Giora. Mwaka 1909 likafuata kundi la walinzi la Hashomer. Walilinda mashamba ya walowezi wa Kiyahudi kwa malipo, kazi iliyokuwa mikononi mwa Waarabu na Wacherkesi (Waislamu wenye asili ya Kaukazi). Hao waliopokonywa riziki nao ni sehemu ya historia hii, na haifai kuwaruka.

Ila kinachoniuma zaidi, mimi mkazi wa Voi, ni kumkosa Patterson. Huku kwetu John Henry Patterson anatajwa kwa jambo moja tu: kuwaua simba wala watu wa Tsavo mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa. Ni huyo huyo aliyekabidhiwa kikosi cha Wayahudi kule Alexandria, Misri, mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wao walikuwa wamefukuzwa Palestina na Waturuki, waliokuwa wakiitawala. Walitaka kwenda kuikomboa Palestina. Waingereza wakawapa kazi ya kuswaga nyumbu wa mizigo. Ze'ev Jabotinsky, mwanasiasa wa Kizayuni aliyepigania kuundwa kwa kikosi hicho, aliona ni kudhalilishwa, akajitoa. Joseph Trumpeldor, aliyepoteza mkono wa kushoto katika vita vya Urusi na Japani, alikubali, kwani kwake kupigana na Mturuki popote kulikuwa njia ya kufika Palestina. Takriban watu 650 walijiandikisha. Kule Gallipoli, Uturuki, walipeleka maji na risasi hadi kwenye mahandaki, mizinga ikiwalenga. Jabotinsky hakukata tamaa, na mwaka 1917 Uingereza ilipounda vikosi vya Wayahudi vya kupigana, Patterson akapewa cha kwanza. Majivu yake yalizikwa upya Israeli mwaka 2014.

Haganah, kundi la siri la ulinzi la Wayahudi wa Palestina ambalo ndilo lililokuja kuwa msingi wa jeshi la Israeli, iliundwa Juni 1920, baada ya ghasia za Aprili kati ya Waarabu na Wayahudi mjini Yerusalemu. Kundi lenye msimamo mkali zaidi, Irgun, likajitenga nayo 1931, na kundi jingine, Lehi, likajitenga na Irgun mwaka 1940. Irgun ndiyo iliyolipua Hoteli ya King David mjini Yerusalemu, iliyokuwa na ofisi za Waingereza, Julai 1946, wakafa watu 91: Waarabu, Waingereza na Wayahudi.

Tangu 1944 Waingereza, ambao ndio waliotawala Palestina wakati huo, walikuwa wakiwahamishia Afrika wafungwa wa Irgun na Lehi bila kuwafikisha mahakamani: Eritrea, Sudan, na hatimaye Gilgil, hapa hapa Kenya. Walirudishwa Julai 1948, nchi yao ikiwa imekwisha kutangazwa.

Naomba mchapishe makala ya pili, na mwandishi wenu aanzie Gilgil.

Msomaji wenu,
Voi