Barua kwa Baba: kwa nini nimemruhusu Salim acheze

Charlotte, North Carolina

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima wa afya, na kwamba mguu wako sasa umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Uliponiuliza kwenye simu kwa nini nimemruhusu Salim aingie katika mpira wa Kimarekani, mchezo unaouona kuwa ni wa watu wazima kugongana vichwa, sikutaka kukujibu kwa haraka haraka. Naona heri nikueleze habari za mchezaji mmoja wa mji huu, kwa sababu ndiye aliyemvutia mjukuu wako, na ndiye aliyenifanya nami nikubali.

Anaitwa Luke Kuechly. Alizaliwa Cincinnati, Ohio, mwaka 1991, akasoma na kucheza Boston College, na mwezi Aprili 2012 timu ya hapa, Carolina Panthers, ikamchukua akiwa wa tisa kati ya vijana wote walioteuliwa kuingia NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mwaka huo. Nafasi yake ilikuwa lainibeka wa kati. Timu inayolinda huwa na watu 11: mbele wapo wenye miili mikubwa wanaosukumana na wapinzani, nyuma kabisa wapo wenye mbio wanaozuia pasi ndefu, na kati ya makundi hayo mawili wanasimama malainibeka. Wanaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, yaani kama mita 9, na kila mara lainibeka wa kati sharti atambue upesi iwapo mpira utakimbizwa au utarushwa, kisha amfikie mwenye mpira na kumwangusha. Ukitaka mfano wa kandanda, Baba, yeye ni kiungo mkabaji aliyevishwa pia unahodha. Ndani ya kofia yake mna spika ndogo inayomletea maagizo ya kocha, lakini sauti hiyo hukatwa zikibaki sekunde 15 za kuanzisha mchezo, na kuanzia hapo hana msaada ila macho na akili yake.

Katika hilo Kuechly hakuwa na mfano. Alikuwa akiangalia namna wapinzani walivyojipanga, mara ananyoosha kidole upande fulani na kuwapigia wenzake kelele wahame, nao wakishahama, mpira unakuja pale pale alipoonyesha. Watu walidhani ana kipaji cha kubashiri, kumbe alikuwa akitumia saa nyingi kutazama picha za video za timu atakayokutana nayo, hata akazijua tabia zao. Mwaka wake wa kwanza alitajwa kuwa mlinzi chipukizi bora wa ligi, na mwaka 2013 akawa mlinzi bora kuliko wote. Januari 2016, katika mechi mbili za mtoano zilizofuatana, alinasa pasi za wapinzani na kukimbia nazo hadi kufunga, na timu ikafika fainali ya Super Bowl, ambako Denver Broncos waliwashinda 24 kwa 10. Mwenzake Thomas Davis, lainibeka pia, ambaye kano ya goti lake lile lile ilikatika mara tatu na kila mara akarudi uwanjani, aliicheza fainali hiyo akiwa na mkono uliovunjika majuma mawili kabla. Watu huku humsifu sana kwa ujasiri huo, nami namheshimu, ila mimi ni muuguzi na siwezi kumtakia mwanangu mfano huo.

Sasa nije kwenye hofu yako, ambayo ni hofu yangu pia. Kuechly alipata mtikisiko wa ubongo mwaka 2015, akapata tena mwaka 2016 na 2017. Ule wa Novemba 2016, katika mechi na New Orleans Saints, nchi nzima iliushuhudia: mtu yule mwenye nguvu alikuwa ameketi chini, anahema kwa shida, machozi yanamtoka bila yeye kuweza kuyazuia, hata akatolewa kwa gari. Hakucheza tena msimu huo. Madhara ya vishindo vya namna hiyo yalianza kufahamika kwa wachezaji hawa kupitia kwa daktari Mwafrika, Bennet Omalu wa Nigeria, aliyeuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa zamani wa mpira huu, huko Pittsburgh mwaka 2002 na kukuta umeharibika. Naye Junior Seau, lainibeka aliyecheza misimu 20, alijiua Mei 2012 akiwa na miaka 43, siku chache tu baada ya Kuechly kuteuliwa, na uchunguzi ukaonyesha ubongo wake una maradhi hayo hayo.

Januari 2020 Kuechly alitangaza kwamba anaacha. Alikuwa na miaka 28, bado anahesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa ligi, na alisema waziwazi kwamba moyo wake bado unataka kucheza lakini haoni kuwa ni uamuzi sahihi. Mimi nauthamini uamuzi huo kuliko tuzo zake zote, kwa kuwa alikatiza mshahara mnono na sifa bila kusubiri kufukuzwa wala kubebwa.

Salim anayajua haya yote, kwa maana nilimsimulia kabla sijatia saini fomu ya shule. Tumekubaliana kwamba akipata mtikisiko mmoja atakaa nje mpaka daktari aridhike, na ukija wa pili mchezo umekwisha. Tumekubaliana pia kwamba hatamficha kocha wala mimi maumivu yoyote ya kichwa, na hili ndilo ninaloomba umkazie, Baba, kwa sababu vijana wa timu huficha ili wasiwekwe benchi, na neno lako kwake lina uzito kuliko langu. Mechi zinaanza Agosti. Mpigie Jumapili baada ya adhuhuri yenu, atakuwa ameshaamka.

Msalimie sana Mama, pamoja na shangazi na wote wa nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Zainabu