Baba, wewe ni Mbuzi au Jogoo?

Zhengzhou, China

Baba na Mama, shikamooni. Nanyi wengine mtakaosomewa barua hii hapo Mvumi, mbukwenyi.

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Baba, nina swali, ila acha nilizungukie kwanza.

Mnakumbuka nilivyoanza Kichina pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, Taasisi ya Confucius? Wengi wetu msimamo ulikuwa mmoja: tupeni maneno, tufaulu HSK, ule mtihani wao wa Kichina, tukapate ukalimani kwa makandarasi, mila zao wabaki nazo. Siku ya kuandika kwa brashi na kunywa chai yao, mimi nilikuwa kwenye chipsi mayai. Niliona kuiga chai ya watu ni ukibaraka.

Sasa sikukuu ya mwaka mpya wao, rafiki yangu akanichukua kwao kijijini. Baba yake akanipokea vizuri sana. Nami, toni zote mahali pake, nikamwita kwa jina lake. Sebule ikanyamaza. Hebu fikirieni mtoto wa hapo Mvumi amwambie baba wa mwenzake, "Yohana, habari!" Sarufi ilikuwa safi, adabu ndiyo niliyoiacha kwenye chipsi.

Kumbe wana baba mkubwa na baba mdogo kama sisi: bobo na shushu. Shangazi ni gugu, mjomba ni jiujiu. (Waingereza wao, ukimtoa shangazi, wote ni anko tu.) Maneno hayo nilikuwa nayo kwenye daftari, nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Baba wa rafiki akimzidi baba yako umri, ni bobo. Akiwa mdogo kwake, ni shushu.

Ndipo mzee akauliza baba yangu ni mnyama gani. Nusura nikasirike! Kumbe kila mwaka wao una mnyama wake. Yeye ni wa 1968, Tumbili. Mwaka wa 1967 ni Mbuzi, 1969 ni Jogoo.

Si kwamba nimekuwa Mchina. Yale maji ya moto wanayokunywa kutwa yamenishinda.

Baba, kitambulisho chako kinasema 1969, lakini mwenyewe husema karani alikisia. Mama, naomba umuulize Bibi: wakati wa Operesheni Dodoma, walipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1971, Baba alikuwa mgongoni, au alitembea mwenyewe na kuku mkononi? Nimealikwa tena mwezi ujao, na mpaka sasa mzee wa watu sijui nimwiteje.

Mwanenu.