Grateful Dead isihukumiwe kwa kanda mbovu

Mhariri,

Tangu mpiga gitaa na mwimbaji wao Jerry Garcia afariki Agosti 1995, ubishi kuhusu Grateful Dead haujatulia. Wapo wanaosema bendi hii ya roki ya California ilikuwa ikipapasa magitaa nusu saa bila kufika popote, na mashabiki wake, Deadheads, walifuata bangi na LSD kuliko muziki. Mashabiki nao hawaambiliki: kwao kila onyesho lilikuwa la ajabu. Wote husahau kuuliza kanda ya onyesho waliyoisikia ilirekodiwa vipi.

Lalamiko kubwa ni waimbaji kutoka nje ya ufunguo wa wimbo. Mara nyingi ni kweli. Lakini kanda nyingi zilinaswa moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Katika ukumbi mdogo, magitaa yalikwisha kusikika kutoka kwenye amplifaya za jukwaani, kwa hiyo fundi wa sauti hakuyapandisha sana mezani. Aliyehitaji kupandishwa ni mwimbaji. Basi kandani mwimbaji yuko mbele peke yake, mkavu, na kila kosa lake linasikika. Kanda ya maikrofoni za ukumbini ya usiku huohuo, pamoja na makofi na mwangwi wake, ina uwiano wa haki zaidi.

Mwaka 1974 shida ilikuwa nyingine. Mtambo wao ulioitwa Wall of Sound, wenye spika takriban 600, ulisimama nyuma ya wanamuziki wenyewe. Maikrofoni ingenasa spika hizo na kupiga mluzi, kwa hiyo kila mwimbaji alipewa mbili zilizounganishwa kinyume: aimbe kwenye moja tu, na sauti inayozifikia zote mbili sawasawa ijifute. Mluzi ulidhibitiwa. Ila mdomo ukisogea nyuma kidogo, sauti ya mwimbaji nayo hujifuta, ikabaki nyembamba kama ya simu. Ala zilitoka safi mno, kwani kila moja ilikuwa na spika zake. Kanda za mwaka huo zisikilizwe kwa ajili ya besi ya Phil Lesh.

Deadheads waliokuwa wakirekodi wanastahili shukrani. Oktoba 1984 bendi iliwatengea eneo nyuma ya fundi, maana stendi za maikrofoni zao zilikuwa zikimziba asione jukwaa. Kubadilishana kanda ruksa, kuuza marufuku. Tatizo ni nakala ya nakala: kila kaseti inaponakiliwa mvumo huongezeka na matoazi hufifia. Aliyeonjeshwa nakala ya tano akaichukia bendi, simlaumu.

Pale wakosoaji wanapogusa miaka ya mwisho, wana haki. Garcia alikuwa mgonjwa, akisahau maneno ya nyimbo zake. Na mashabiki waliovunja uzio wa ukumbi wa Deer Creek, Indiana, Julai 1995, walisababisha onyesho la kesho yake kufutwa, shabiki asiwatetee.

Anayetaka kuamua kwa haki aanze na onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell, 8 Mei 1977, atafute nakala iliyotoka kwenye kanda za Betty Cantor-Jackson, fundi aliyerekodi maonyesho ya bendi. Aruke hadi seti ya pili, nyimbo mbili za mwanzo zilizounganishwa, kama dakika 25. Asimfuate Garcia. Afuate ngoma mbili, ya Bill Kreutzmann na ya Mickey Hart, na jinsi besi inavyokataa kukaa kwenye noti moja, hadi wimbo wa kwanza umegeuka wa pili.

Msomaji wako,
Mombasa