Tuambieni mtoto amekojoa mara ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi wenzangu na wale wanaotushikia watoto mchana, manake kuna jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa na kila nikisema ninyamaze naona siwezi. Ni habari ya kunywa. Sio kula, kunywa.

Binti yangu ana miezi 20. Kuna siku ya joto kali nilienda kumchukua jioni kule anakoshinda, pa kwao sipataji, sitaki kumharibia mtu jina. Nikauliza kama kila siku, vipi leo? Nikaambiwa kala vizuri, kamaliza sahani, kalala saa zima, kacheza mpaka basi. Nikafurahi zangu tukaondoka. Kufika nyumbani namvua nguo nimuogeshe, naishika nepi nyepesi kama ndo imetoka kwenye paketi. Nikajua wamembadilisha muda si mrefu, ila roho ikakataa, nikapiga simu kuuliza wakaniambia walimbadilisha saa sita mchana. Na hapo ilikuwa inaelekea saa moja usiku. Yaani karibu masaa saba mtoto hajatoa tone!

Ndo nikamwangalia sasa. Midomo imekauka mpaka imeanza kupasuka pembeni, mate yamekuwa mazito yananatanata, na alikuwa analia anataka kubebwa lakini machozi hayatoki. Uso umejikunja wote, sauti inatoka, macho makavu. Nimelea, nimeshika watoto wa ndugu zangu, kile kilio sijawahi kukiona na sitaki kukiona tena.

Nikampa maji kwenye kikombe akakikamata kwa mikono miwili akawa anagugumia mpaka akapaliwa, nikamnyang'anya ikabidi nimpe funda moja moja tunapumzika, funda jingine tunapumzika. Saa tatu usiku akakojoa, kidogo sana, mkojo wa njano iliyokolea na harufu niliisikia kabla sijafungua nepi. Asubuhi akaamka mzima anacheza. Tulipona kwa sababu alikuwa bado anachangamka na tumbo lake halikuwa na tatizo, angekuwa analegea au anaharisha pale pa kukaa nyumbani kumpa mafunda hapakuwepo, ilikuwa ni kukimbia hospitali.

Kesho yake nikamuuliza dada anayemshika, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mbona hakuomba maji."

Sijamlaumu, manake hata mimi nilikuwa naishi hivohivo. Na nimesoma humu kwenye barua za wasomaji mzazi mmoja akisema mtoto akisikia kiu atakunywa mwenyewe tusiwasumbue. Ndugu yangu huyo namheshimu ila kwa umri huu hapana. Mtoto wa mwaka na nusu maneno yenyewe anayo machache, akizama kwenye mchezo hata njaa anaisahau, na kiu ikishamzidi hasemi kiu, anakuwa mkorofi tu, analialia, anarusha vitu, na sisi tunasema ana usingizi tunamlaza. Kumbe tumemlaza na kiu yake. Alafu mwili wake sio kama wetu tu uliopunguzwa, ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, anapumua haraka kuliko sisi, kwahiyo maji yanamtoka haraka, na akiba yenyewe ni ndogo. Kiasi ambacho mtu mzima kikimtoka anasikia kichwa kizito tu, mtoto kinamlegeza.

Watu wataniuliza sasa anywe kiasi gani. Wataalamu wa lishe wa Marekani wanakadiria lita 1.3 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka 3, wa Ulaya wanasema lita 1.1 mpaka 1.2 kwa mtoto aliye kwenye mwaka wa pili, na hapo wanahesabu kila kitu, maziwa, supu, mpaka maji yaliyomo ndani ya matunda na chakula. Siku ya joto au ya homa inabidi iongezeke. Lakini ukweli ni kwamba hakuna mzazi atakayeshinda anapima, mtoto mwenyewe nusu anamwaga kifuani. Ndo maana nasema tuache kuhesabu kinachoingia tuangalie kinachotoka. Mkojo mweupe au wa njano iliyofifia, mara kadhaa mchana, huyo anakunywa vya kutosha hata kama wewe hukumuona. Mkojo umekolea, ongeza. Masaa sita makavu, acha unachofanya kaa chini umnyweshe. Yakifika nane hajakojoa, huyo ni wa kuonwa na daktari, na hata wangu siku ile ilipopita hapo ilitakiwa nimpeleke.

Na hizi nepi za kisasa zinadanganya, zinanyonya mpaka juu panabaki pakavu, ukigusa kwa kidole unasema hajakojoa kumbe kakojoa, kwahiyo zipime kwa mkono, ya mkojo ina uzito inaning'inia, na ukiwa na wasiwasi weka pamba au kipande cha tishu ndani utakiona kimelowa. Anayetumia poti ndo rahisi zaidi, unaona kwa macho.

Kumnywesha sasa. Mimi nilikuwa namkimbiza na kikombe nyumba nzima, anafunga mdomo anageuza kichwa, mwisho tunalia wote wawili. Nimeacha. Siku hizi kikombe chake kinakaa chini mahali anapofika mwenyewe, nakiweka maji kidogo tu ili akimwaga asimwage mengi, na mimi nakunywa changu mbele yake bila kumwambia kitu. Anakuja mwenyewe anataka cha kwangu! Basi nampa cha kwangu. Akitoka kulala mafunda kadhaa, kila akila mafunda kadhaa, akirudi kucheza tena. Akikataa namuacha, baada ya dakika kumi narudi. Tikiti maji na chungwa navyo vinasaidia sana siku anayokataa kikombe, ila kata vipande vidogo utoe na mbegu asije akakabwa.

Kuna wanaosema wangu hapendi maji anakunywa juisi tu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema kabla ya mwaka mmoja juisi hapana, na kuanzia mwaka 1 mpaka 3 isizidi mililita 120 kwa siku, hiyo ni nusu kikombe, na ni juisi ya matunda yenyewe sio maji ya rangi na sukari. Soda ndo usiguse. Chai pia inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Na maziwa, ambayo wengi tunaona hayana mwisho, mtoto akipewa ya ng'ombe zaidi ya mililita 700 hivi kwa siku anashiba maziwa, chakula hakili, na damu inapungua kwa kukosa chuma. Kama ananyonya endelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, ile inahesabika. Ila jamani naomba nisieleweke vibaya, haya yote sio ya kichanga. Aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, maji usimpe hata iwe joto gani, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Akiharisha au kutapika hapo habari inabadilika na maji matupu hayatoshi, kwa sababu anapoteza na chumvi. Tunza paketi za ORS nyumbani, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, usisubiri usiku wa manane ndo utafute. Soma paketi inataka maji kiasi gani safi na salama, ziko za lita moja na ziko ndogo zaidi, weka kiasi hichohicho, ukipunguza maji inakuwa kali inamuumiza, ukizidisha haifanyi kazi vizuri. Sukari kidogo iliyomo ndo inayosaidia chumvi ipite kwenye utumbo na maji yanafuata, ndo maana usiongeze sukari eti iwe tamu, ikizidi inavuta maji yarudi tumboni na kuharisha kunazidi. Soda na juisi zinaharibu kwa njia hiyohiyo. Chini ya miaka miwili mpe ORS mililita 50 mpaka 100 kila anapoharisha, akishavuka miwili 100 mpaka 200. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena kwa kijiko, pole pole, inachosha mkono lakini inakaa tumboni. ORS uliyochanganya ikifika masaa 24 mwaga changanya nyingine. Kunyonya na kula viendelee. Na ukifika kliniki ulizia zinki, yale madini wanayopewa watoto wanaoharisha, kwa mtoto aliyezidi miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14.

Lakini ukiona macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi taratibu, mtoto analegea au anashindwa hata kunywa, au anatapika kila unachompa, au kuna damu kwenye choo, acha kijiko chukua mtoto mwende.

Sasa ninachoomba ni kidogo sana. Wote mnaotushikia watoto, dada zetu, bibi, vituo vya kulelea watoto, jioni mnapotukabidhi mnatuambia kala, kalala, kacheza. Ongezeni moja, nepi ngapi zimelowa na ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Na sisi wazazi tuulize hilo kwanza, tusingoje kuambiwa, na asubuhi tukiacha mtoto tuache na kikombe chake anachokijua. Kule anakoshinda wangu siku hizi wameweka karatasi mlangoni, jina la mtoto na vistari, kila nepi iliyolowa mstari mmoja na saa pembeni. Hakuna aliyelipia kitu. Jana nimekuta vistari vitano, cha mwisho saa kumi na dakika ishirini.

Na kwako mhariri, kama ukurasa wa familia una nafasi tafadhali zichapeni zile dalili za hatari kwa herufi kubwa, watu wazikate wabandike jikoni.

Mama wa binti wa miezi 20