Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Miaka Mitano Tangu Tumalize Kidato cha Sita

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya umoja wetu kuanzia Agosti 2024 hadi Julai 2025, mwezi ambao tumetimiza miaka mitano tangu tufanye mtihani wa kumaliza kidato cha sita. Taarifa za namna hii huanza na hesabu za fedha. Naomba mniwie radhi nianze na sisi wenyewe, kwa kuwa hoja kubwa iliyo mbele ya mkutano wa leo haitaeleweka vizuri bila kurudi nyuma.

Tuliripoti shuleni Julai 2018, wakati ambapo baridi ya Njombe haina huruma, tukiwa wanafunzi 126 wa tahasusi nne, yaani michepuo ya masomo. Wenzetu waliotoka Mtwara na Tanga walikuja na shuka tupu, na kabla wiki ya kwanza haijaisha vitanda vilikuwa vimesogezwa pamoja ili wenye mablanketi mawili wawagawie wasio nayo. Naamini undugu wetu ulianzia hapo, hata kabla hatujajuana majina. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mkaratusi karibu na bwalo. Iligongwa alfajiri kwa mchakamchaka na usiku kwa prepu, na wote mliomo humu mnaijua sauti yake.

Mnakumbuka pia Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Serikali ilipoamuru shule zifungwe kwa siku 30. Mtihani wetu ulikuwa uanze mwanzoni mwa Mei. Tuliondoka tukiwa na begi za mgongoni tu, matranka yetu yakabaki mabwenini, kwani hakuna aliyedhani kwamba tungekaa nyumbani hadi Juni. Kulikuwa na vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, na waliokuwa na simu janja walitumiana picha za madaftari. Wasio na simu wala umeme walisoma walichokuwa nacho, na wengine hawakusoma kabisa kwa sababu walikuwa shambani au kwenye vibarua.

Tulirudi tarehe 1 Juni, tukanawa mikono kwenye ndoo za maji tiririka zilizopangwa getini, tukaingia darasani na barakoa za kitenge zilizoshonwa na mafundi wa mjini. Tulikuwa na wiki nne tu za kujiandaa kwa mtihani ulioanza tarehe 29 Juni na kumalizika tarehe 16 Julai. Mahafali hayakufanyika. Kila tahasusi iliondoka siku ilipomaliza karatasi yake ya mwisho, kiasi kwamba waliobaki hadi siku ya mwisho hawakuwa na wa kuagana naye, na hadi leo hatuna picha hata moja inayotuonyesha sote pamoja.

Hapa nazungumza kama mtu aliyekuwa monita. Daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwangu. Machi tulikuwa 123, kwa kuwa watatu walikuwa wamehamia shule nyingine. Juni waliitikia 119. Kwa siku sita niliita majina manne ambayo hayakujibiwa, na siku ya saba nikaelekezwa niyakate kwa wino mwekundu. Nilitumia rula ili mistari inyooke. Sikuuliza wenzetu hao wako wapi, wala sikumwomba mwalimu yeyote aulize, kwani mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mtihani. Miaka mitano sasa nimeibeba mistari ile minne, na ndiyo sababu, mliponichagua mwaka jana, niliiomba Kamati Tendaji iruhusu kazi ya kuwatafuta iwe ya kwanza katika mpango wetu wa mwaka.

Tumewapata watatu. Wa kwanza yuko Makambako, ambako anaendesha bodaboda. Baba yake alifariki wakati shule zimefungwa, naye akawa ndiye tegemeo la wadogo zake. Alikuwa pia anadaiwa sehemu ya ada, ambayo kwa sisi wa bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Ada hiyo Serikali iliifuta kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, miaka miwili baada ya yeye kuihitaji. Wa pili aliolewa, ana duka la vyakula na watoto wawili, na alitueleza kwa upole lakini bila kusita kwamba hahitaji mtihani, anahitaji kujua wenzake wako wapi. Wa tatu alijifungua mwishoni mwa mwaka 2020. Huyu alitaka kusoma. Wanachama watatu walio walimu walijigawia masomo yake wakawa wanamfundisha jioni kwa simu, na umoja ukagharamia usajili, vitabu na nauli. Mwezi Mei mwaka huu alifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo yalipotoka Julai alinipigia, na kwa muda mrefu hakuna kati yetu aliyeweza kusema neno. Amefaulu, na sasa anaomba nafasi ya chuo kikuu. Wa nne bado hatujampata. Namba ya nyumbani kwao haipatikani, na kazi ya kumtafuta inaendelea.

Kuhusu mambo mengine nitasema kwa ufupi. Umoja una wanachama 94, na mchango umebaki shilingi 5,000 kwa mwezi. Tulitarajia kukusanya shilingi 5,640,000, tukapata 3,870,000. Tulitumia 640,000 kwa masomo ya mwenzetu niliyemtaja, 900,000 kwa masimtanki mawili tuliyoipelekea shule, na 1,050,000 kwa rambirambi na kuwauguza wanachama. Salio ni shilingi 1,280,000, na Mweka Hazina ataeleza kila kifungu. Sifurahishwi na malimbikizo ya michango, ingawa naelewa kwamba wengi wetu bado tunatafuta ajira na kwamba wenzetu waliosoma udaktari ndio kwanza wamemaliza mwaka wa tano. Anayeshindwa kulipa amwone Mweka Hazina kwa faragha, asijitoe kundini kimya kimya, maana tayari tunajua gharama ya mtu kupotea bila kuulizwa.

Sasa nafika kwenye hoja. Katiba yetu inasema mwanachama ni mtu aliyehitimu kidato cha sita pamoja nasi mwaka 2020. Tuliiandika hivyo kwa nia njema, lakini maneno hayo yamefanya kazi ileile iliyofanywa na rula yangu. Waliolala nasi kwenye baridi ile, wakala nasi makande bwaloni na kukesha nasi kwenye prepu kwa karibu miaka miwili, leo si wanachama kwa sababu ya wiki saba ambazo hawakuwapo. Kamati Tendaji inapendekeza maneno “aliyehitimu kidato cha sita pamoja nasi mwaka 2020” yaondolewe na mahali pake yawekwe maneno “aliyesoma pamoja nasi kuanzia Julai 2018”, ili kifungu kiwahusu wote walioripoti Julai 2018, wakiwamo watatu waliohama. Marekebisho yanahitaji theluthi mbili ya wajumbe waliohudhuria, na kura itapigwa kwa kunyoosha mikono mara baada ya taarifa ya Mweka Hazina.

Wenzetu watatu tuliowapata wamo ukumbini, wamekaa safu ya nyuma kwa kuwa wameingia kama wageni waalikwa. Kura ikipita, Katibu atawaandika kwenye daftari la wanachama kabla ya chakula cha mchana, kisha tutatoka nje kupiga picha.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti