Panya wangu hawaijui kalenda yenu: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ufadhili

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Ufadhili wa Watafiti Chipukizi.

YAH: MIAKA MINNE MNAYOTUHESABIA

Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam na heshima.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizokuandikia faraghani zilijibiwa na mashine, ikinishukuru na kunisihi nisiijibu. Sina ugomvi na mashine, imefanya ilichotumwa. Wala siandiki kuomba nafasi. Mwongozo wenu unasema mwombaji awe hajapitisha miaka minne tangu atunukiwe shahada ya uzamivu, nami mwaka huu natimiza wa tano. Hakuna unachoweza kunipa hata ukitaka, na hilo limenilegeza ulimi.

Nimeomba mara tatu. Sitakuchosha na fomu, barua ya taasisi mwenyeji, wala ile sehemu ya "athari kwa jamii" ambayo sote tunaijaza usiku wa mwisho. Nataka tuzungumze juu ya hiyo miaka minne, na kwa nini katika neurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na neva, ni mifupi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Mimi nachunguza jinsi ubongo wa panya unavyohifadhi kumbukumbu ya njia. Mimba ya panya ni wiki tatu tu, na kinda lake linaweza kuzaa likifikisha wiki sita hadi nane. Ukisikia hivyo utadhani mambo ni mteremko. Lakini jaribio langu lilihitaji panya aliyebeba jeni tatu kwa pamoja: moja ya kutambulisha aina ya seli, moja ya kuifanya seli iwake inapofanya kazi, na moja ya kuniwezesha kuizima kwa mwanga. Kila jeni ikiwa na nusu ya uwezekano wa kurithiwa, ni mtoto mmoja kati ya wanane anayezibeba zote tatu, na mpaka ufike kwenye uzao huo umeshavusha vizazi kadhaa. Hapo sijataja kibali cha kamati ya maadili, ambacho ni haki kisubiriwe. Halafu upasuaji wa kupandikiza elektrodi, vijiwaya vya kunasa umeme wa ubongo, kuponya kidonda, kumfundisha panya njia kila siku. Kuna panya hawafundishiki. Kuna wanaojifunza vizuri, kisha elektrodi inang'oka siku moja kabla ya kurekodi. Baada ya miezi kumi na minne nilikuwa na panya watano wenye rekodi safi.

Wahakiki wenu waliandika nini? Mhakiki wa kwanza alisifu. Mhakiki wa pili, yule ambaye kila mtafiti ana hadithi naye, akaandika: "Data za awali ni chache." Mwongozo wenu unasema data za awali si lazima. Nimeusoma mara nyingi kuliko tasnifu yangu.

Sasa nikueleze saa hiyo ya miaka minne inatufundisha tabia gani. Mwaka 2013 Katherine Button na wenzake walichapisha katika Nature Reviews Neuroscience uchambuzi wa tafiti 730 za neurosayansi. Walipima uwezo wa tafiti hizo wa kugundua jambo ambalo kweli lipo, na kiwango cha kati kikatoka takriban asilimia 21. Yaani jambo lipo, linakukodolea macho, na utafiti wa kawaida una nafasi moja kati ya tano tu ya kuliona. Sababu kubwa ni sampuli ndogo. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake wakaonyesha katika Nature kwamba kuhusisha picha za MRI za ubongo na tofauti za tabia kati ya watu kunahitaji washiriki kwa maelfu, wakati tafiti nyingi zilikuwa zikifanywa kwa makumi.

Nani hutengeneza sampuli ndogo, Mheshimiwa? Mara nyingi ni sisi. Mtu mwenye mkataba wa miaka miwili na dirisha la miaka minne, anayejua kwamba bila makala yenye jina lake mwanzoni maombi yake hayavuki mchujo wa kwanza, hawezi kusubiri panya wa ishirini. Anachapisha na watano. Kisha taasisi zinazofadhili zinaandaa makongamano kujadili kwa nini matokeo hayajitokezi tena majaribio yakirudiwa.

Wahenga walishasema ya kwao juu ya haraka, siyarudii. Nitamtaja mnyoo. Mwaka 1986 John White na wenzake, pamoja na Sydney Brenner, walichapisha ramani ya mfumo mzima wa neva wa mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, ambaye ana niuroni (seli za neva) 302 tu. Ilikuwa kazi ya zaidi ya miaka kumi ya kukata vipande vyembamba mno, kuvipiga picha kwa hadubini ya elektroni na kufuatilia kila uzi kwa jicho. Ikazaa makala moja ya kurasa 340, na mpaka leo tunaitegemea. Najiuliza fomu yenu ingempa White alama ngapi katika mwaka wa nne, kwenye kisanduku cha "machapisho".

Najua utanijibu kwamba hamko peke yenu. Ni kweli, ufadhili wa K99 wa Marekani, wa watafiti chipukizi, nao umekuwa ukitumia kikomo cha miaka minne. Lakini huko inayohesabiwa ni miaka ya uzoefu wa utafiti baada ya uzamivu. Ninyi mnahesabu tangu siku ya joho. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya unaruhusu miaka minane ya uzoefu, na muda uliokaa nje ya utafiti hauingizwi kwenye hesabu. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi kumi na minane kwa kila mtoto. Kwenu, mwenzangu aliyejifungua mapacha aliongezewa miezi mitatu, tena baada ya kutuma vyeti vya kuzaliwa mara mbili. (Pengine walidhani ni mtoto mmoja kwa nakala mbili.)

Kuna la pili, linalotokana na hilo hilo. Kila mnapotukataa mnakula mwaka mzima wa dirisha letu. Mara ya tatu nilikosa kwa sehemu ndogo ya alama moja: sifuri nukta tatu. Je, sehemu hiyo ina maana yoyote? Mwaka 2018 Elizabeth Pier na wenzake waliwapa wahakiki 43 maombi 25 yaleyale na kukuta kwamba wahakiki hawakukubaliana juu ya ubora wa ombi lolote. Mwaka huohuo utafiti wa Thijs Bol na wenzake kutoka Uholanzi ulionyesha kuwa vijana walioponea chupuchupu juu ya mstari wa kupewa ufadhili walipata, katika miaka minane iliyofuata, zaidi ya mara mbili ya fedha za utafiti walizopata wale waliokosea chupuchupu. Maombi yalikaribiana kama kidole na pete. Taasisi ya ufadhili ya Uswisi ilikubali ukweli huu mwaka 2021 ikaanza kupiga kura ya bahati pale maombi yanapolingana mstarini. Mimi ningependelea kushindwa na bahati inayojitambulisha kuwa ni bahati. Sifuri nukta tatu hunikesha nikitafuta kosa ambalo huenda halipo.

Ninachokuomba ni kidogo. Anzeni kuhesabu muda mtu aliokuwa maabara hasa, na muondoe uzazi, ugonjwa, na miezi ya kusubiri vibali. Anayetumia wanyama au kufuatilia watu kwa miaka aruhusiwe kueleza kwa ukurasa mmoja kwa nini kazi yake ni ya polepole, na mhakiki alazimike kuusoma kabla ya kufika kwenye orodha ya machapisho. Tena mtutumie maoni kamili, mapema. Mara ya mwisho nilipata mistari miwili, siku kumi na moja kabla ya dirisha jipya la maombi kufungwa.

Katika maabara yetu yupo dada aliyemaliza uzamivu mwaka jana. Ana maswali mawili mezani. Moja linahitaji panya wanane na miezi mitano, na sote tunajua litachapishika. Jingine ndilo analolipenda: linahitaji panya arobaini na karibu miaka mitatu, na huenda likatuambia kwa nini baadhi ya kumbukumbu hufifia na nyingine hukaa. Juzi aliniuliza achague lipi. Nikamwambia anipe wiki mbili, kwanza nikuandikie wewe.

Wako katika utafiti,

Mwombaji wa mara tatu